Mzigo Umefika Tatu

Pale chuoni walimwita Mama Huruma, na jina lilimkaa barabara. Fundi gani mwingine anaipa pole printa ikikwama karatasi? Basi alipoisanidi seva mpya ya barua pepe, aliiwekea sharti la kuilinda: wastani wa mzigo, yaani kazi zinazoendeshwa kwa pamoja, ukizidi moja, barua zote zingoje kwenye foleni mpaka mashine ipumue.

Siku hiyo chuo kilikuwa kinawatumia waombaji barua za kukubaliwa. Aliyepata nafasi alitakiwa kujibu kabla ya saa kumi alasiri, la sivyo nafasi yake inakwenda kwa mwingine.

Saa tisa simu ikalia. Alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yao, naye mmoja wa waombaji.

"Dada, mbona kimya? Wamenitosa?"

"Tulia wewe. Mashine imeelemewa, maskini. Mzigo umefika tatu!"

"Tatu kati ya ngapi?"

Hilo Mama Huruma hakuwahi kujiuliza. Siku zote alichukulia kwamba moja ndiyo kujaa pomoni, kwa mashine yoyote ile. Akakata simu, akatazama vizuri: seva ilikuwa na vichakataji vinane. Yaani jikoni kuna meko manane, sufuria zimebandikwa tatu tu, naye anasimama mlangoni kuzuia watu wasipike! Mashine aliyokuwa akiihurumia ilikuwa inapunga upepo.

Aibu ikamshika, na hofu juu yake. Haraka haraka akapandisha kikomo hadi nane, akaiamuru seva itoe barua zote zilizokwama. Mzigo ukapanda: nne, tano, sita na ushei. Mkono ukamwasha kutaka kuisimamisha. Akaukalia.

Barua zikamiminika. Foleni ilikuwa inakaribia kwisha simu ilipolia tena.

"Dada! Nimepata! Na nimeshajibu, wamethibitisha!"

Akapiga kigelegele ofisini, peke yake, machozi yakimlengalenga. Seva ilikuwa inanguruma kwa raha zake, wala haikuhitaji pole ya mtu.

"Lakini Dada, nani huyo alikuwa amezikalia barua zetu mchana kutwa? Nusura anitoe roho!"

Angeweza kuusingizia mtandao. Mtandao haujitetei.

"Dada yako," akasema. "Nilikuwa naionea mashine huruma."

Upande wa pili kicheko kikalipuka.

"Na mimi je? Mimi ulipanga kunionea lini?"