Neno Moja la Dorine

Siku Dorine Chomba alipoiambia familia kwamba kazi yake ya mwisho chuoni itahusu neno moja tu la Kiingereza, Papa Désiré alicheka na tonge la bukari mdomoni, likampalia. Lilimpalia kweli, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, wala hapakuwa na mtu mezani aliyemsikitikia sana.

"Neno moja?" aliuliza alipopata pumzi. "Hii miaka yote, neno moja?"

"Run, papa mukubwa."

"Na iko na maana gani?"

"Iko na maana mingi. Njo kazi yenyewe."

"Run ni kukimbia. Hata mutoto wa primaire anajua. Basi umemaliza, leta diplome."

Papa Désiré alikuwa kaka mkubwa wa marehemu Michée, baba yake Dorine. Tangu Michée alipozikwa, Dorine na mama yake, Marie-Thérèse, walikaa chumba cha nyuma katika uwanja wa Papa Désiré pale Naviundu, na haikupita wiki bila kukumbushwa uwanja ni wa nani. Mwana wa pekee wa Papa Désiré, Dieumerci, alikuwa amepelekwa Kasapa, kwenye chuo kikuu chenyewe, akarudi. Akapelekwa tena, akarudi tena. Sasa alikuwa analala mpaka jua likaze, na katika nyumba ile neno mtihani halikutamkwa mbele ya baba yake. Dorine yeye alisoma katika taasisi ndogo ya lugha karibu na mto, jengo la bati ambalo Papa Désiré aliliita banda la kuku. Dorine kushindwa kungemkaa vizuri tumboni. Dorine kufaulu kusingemshuka. Nalisema wazi kwa sababu mwenyewe asingelisema hata angekuwa kwenye kitubio, na huyo ni mtu anayesoma masomo kanisani kila Jumapili.

Na alikuwa na mpango. Dada yake, Tante Cathy, alikuwa Pweto akifanya biashara ya samaki wakavu, akitafuta msichana wa kugeuza samaki juani na kukaa nao sokoni. Papa Désiré alikwisha kumwahidi.

"Jopo wakisema ajourné, kama haukupita," alimwambia Dorine usiku wa kuamkia siku ya kutetea kazi hiyo, akiwa ameegemea mlango wa chumba chao, "lori ya samaki inarudia Pweto Jumatatu. Utapanda. Sitalisha muntu mwenye iko anasoma neno moja mwaka ingine tena."

Marie-Thérèse alikuwa anapiga pasi blauzi ya mwanawe. Hakusema kitu. Katika uwanja ule alikuwa ameshazoea kutosema kitu, hata chumvi ikiisha aliomba kwa ishara. Dorine alimchukia kidogo kwa kimya kile, na mimi simlaumu.

Asubuhi wote watatu walifika taasisi mapema. Marie-Thérèse alibeba mkobani kopo la poda ya watoto na kitenge kipya kilichokunjwa, kama mama yeyote wa Lubumbashi anavyofanya mwanawe akienda kutetea kazi yake. Akifaulu, jina likisomwa, anamwagiwa poda kichwani mpaka awe mweupe, anatandikiwa vitenge chini apite juu yake, na jirani asiyehusika naye atapata poda yake begani. Mwaka uliotangulia, lakini, familia fulani zilikuwa zimegeuza furaha kuwa hila. Zilimwaga poda wakati jopo bado limejifungia likijadiliana, na vigelegele vikapigwa dirishani, ili walimu waone aibu kumwangusha mtu ambaye ameshakuwa mweupe. Walimu walikasirika. Wakabandika tangazo mlangoni.

Papa Désiré alisimama mbele ya tangazo hilo, akavaa miwani, akalisoma kwa sauti yake ya kanisani, kila neno akilipa nafasi yake. Ni marufuku kumwagia mtahiniwa poda kabla ya matokeo kutangazwa. Atakayemwagiwa mapema ataahirishwa mpaka kikao kijacho.

"Munasikia?" aliwaambia waliokuwa barazani, akicheka. "Hata poda iko na sheria hapa. Banda ya kuku, lakini iko na sheria."

Kisha akamgeukia shemeji yake kwa upole ambao ungepaswa kumshtua. "Marie-Thérèse, umechoka. Leta kopo, miye nitabeba."

Marie-Thérèse hakuwahi kubebewa kitu na mtu yule. Alishangaa, akampa.

Ukumbini jopo lilikuwa la watu watatu. Katikati alikaa rais wake, Madame Martine, mwanamke wa maneno machache. Kuliani kwake alikuwa Professeur Clément, aliyemwongoza Dorine. Kushotoni alikuwa Monsieur Alexis, msahihishaji, ambaye miaka miwili nyuma alimpa Dorine mada iliyotokana na utafiti wake mwenyewe, Dorine akaikataa, naye hakusahau. Papa Désiré alichagua kiti cha mbele kabisa, kopo la poda likiwa juu ya magoti.

Dorine alieleza kazi yake kwa Kiingereza, bila kutetemeka. Monsieur Alexis alimsubiri amalize, kisha akahamia Kiswahili kwa makusudi, ili ukumbi wote uelewe anavyomchanachana.

"Mademoiselle Chomba, kila maana ya run umeitafutia neno ya Kiswahili. Lakini Kiswahili gani hii? Groupe ya umeme inatumika. Makamashi inatoka ku pua. Hii ni luga ya ku soko."

"Ndiyo, Monsieur. Ku soko njo kwenye bantu banasema."

"Usinijibu vile. Weka makaratasi chini. Toa mifano bila kusoma."

Alitaka ababaike. Dorine alisukuma karatasi pembeni, na hapo ndipo hasira ilipomsaidia, maana alianza kumimina. Kwa Mwingereza, alisema, mtu akikimbia ni run, na mto wa hapo nyuma ukitiririka ni run. Mama anayeendesha duka, mwanasiasa anayegombea kiti, kitenge kipya kinachochuja rangi kwenye beseni, jenereta inayonguruma umeme ukikatika, wote ni run. Unga ukikuishia, ukimkuta rafiki njiani bila kutazamia, gari likigonga mbuzi wa jirani, hapo pia atalitafuta neno lake lile lile na kulifunga mkia kidogo.

"Mwingereza amechukua boyi mumoja, akamupa kazi ya nyumba muzima," alisema. "Siye kila kazi tumeipatia muntu yake. Sikusema nani alifanya vizuri. Nilionyesha tu kama bale benye kufasiria bakijua kukimbia peke, batatudanganya kila siku."

Ukumbi ulinong'ona kwa kuridhika. Professeur Clément aliandika kitu. Monsieur Alexis alipekua kurasa kwa nguvu, akatafuta mahali pengine pa kuuma.

"Hapa unaandika kama jambo inaweza ku-run mu familia. Fasiria."

"Ni tabia yenye kupita mu damu, Monsieur. Kwetu kwa ba Chomba, kichwa nguvu. Baba yangu alikuwa nayo, papa mukubwa wangu iko nayo, na miye niko nayo. Mwaka muzima aliniambia run ni kukimbia, na mwaka muzima nilikataa."

Watu wakacheka, hata Madame Martine. Ulikuwa utani wa kawaida, ule ambao mkubwa anaupokea kwa kutikisa kichwa. Papa Désiré hakutikisa kichwa. Alimtazama Dorine bila kupepesa, vidole vikizungusha kifuniko cha kopo taratibu.

Jopo liliwaomba wote watoke ili lijadiliane.

Dorine alikuwa ndiyo kwanza amekanyaga baraza aliposikia sauti ya Papa Désiré nyuma yake. "Mutoto ya ndugu yangu," alisema kwa nguvu, "leo umetupatia heshima." Mkono ukamzunguka shingo, mzito, ukamshika pale pale alipo. Kisha poda ikashuka. Ilimwingia machoni, puani, ndani ya kola ya blauzi iliyopigwa pasi. Alijaribu kujitoa, mkono ukambana zaidi. Papa Désiré hakunyunyiza kama watu wanavyonyunyiza. Alipindua kopo, akaligonga kitako mpaka likaisha.

Waliosimama mbali walianza kupiga vigelegele, wakidhani matokeo yametoka. Waliosimama karibu walinyamaza. Sikioni mwa Dorine sauti ya kanisani ikasema polepole, "Jumatatu. Lori inatoka mapema."

Mlango ukafunguka. Vigelegele vilikuwa vimewatoa walimu nje, Madame Martine mbele akiwa na karatasi ya matokeo mkononi. Alimwona Dorine mweupe tangu nywele mpaka viatu, na uso wake ukakunjamana.

"Nani alifanya hii?"

"Ni miye, Madame," alisema Papa Désiré, akavua kofia. "Furaha ilinishinda. Miye ni muzee, sikujua kama kuko sheria. Munisamehe miye, na mutoto mumufanyie vile sheria inaomba."

Alisema vizuri sana. Mtu ambaye hakumjua angelia. Dorine alifungua mdomo kusema kwamba mtu yeyote duniani angeyaona makusudi yale, wala hakusema, kwa kuwa nani angemwamini? Binti aliyejaa poda anamshitaki mzee aliyeshindwa na furaha.

"Sheria ni sheria," alisema Monsieur Alexis. "Ataahirishwa."

Professeur Clément akaanza kupinga, Monsieur Alexis akamjibu, na katikati ya maneno yao ikaingia sauti ambayo watu wa uwanja wa Naviundu walikuwa wameisahau.

"Alijua."

Marie-Thérèse alikuwa amesogea mpaka mbele ya Madame Martine. Alifunga mikono chini ya kitenge kipya.

"Asubui alisimama hapa, akasoma hii tangazo na kinywa yake, sauti juu. Halafu akaniomba kopo. Nilimupa. Anataka mumwangushe mutoto wangu, amutume Pweto. Njo vile iko."

"Marie-Thérèse," alisema Papa Désiré, na upole wote ukamtoka usoni, "unalala mu nyumba ya nani?"

"Yako."

"Basi ufikiri mbele ya kusema bongo, kunizulia mambo."

"Nilisha kufikiri. Tangu Michée alikufa niko nafikiri tu."

Papa Désiré alitafuta kwenye nyuso za watu mtu wa kucheka naye, hakumpata, akamgeukia Monsieur Alexis kama mtu anayegeukia wake. "Monsieur, huyu mwanamuke iko na kisirani. Sikusoma kitu."

Monsieur Alexis alimtazama, kisha akamtazama Dorine, na ilionekana wazi kwamba hakumpenda hata mmoja wao.

"Nilikuwa napita barazani asubui," alisema kwa uchungu. "Nilikusikia. Unasoma muzuri."

Akageuka, akarudi ndani.

Madame Martine aliitazama karatasi yake. "Ile tangazo tuliweka juu ya familia zenye kutulazimisha tupitishe batoto," alisema. "Huyu alitaka tumwangushe wake. Siwezi kumufanyia kazi yake." Akainua karatasi, akasoma jina lote la Dorine Chomba, na mwishoni akasoma kwamba amefaulu kwa distinction.

Vigelegele havikupigwa mara moja. Watu walikuwa bado wanamtazama Papa Désiré, aliyekuwa anavaa kofia yake, kopo tupu likiwa kwapani.

"Bikwembe yenu, manguo yote, mutaikuta inje ya mulango," alimwambia shemeji yake. "Leo. Wote mbili."

"Najua," alisema Marie-Thérèse.

Alijua kweli, alijua tangu kabla ya kufungua kinywa, na Dorine alielewa hilo sasa. Alitaka kumwomba msamaha kwa miaka ya kumchukia kidogo kidogo. Machozi yalichora mistari kwenye poda. Mama yake hakuwa na nafasi ya kulia. Alikunjua kile kitenge kipya, akakitandika chini mbele ya miguu ya mwanawe.

"Pita."

Dorine akapita juu yake. Kitenge kilikuwa kimoja tu, na kikaisha haraka. Marie-Thérèse akakiokota nyuma, akakikung'uta vumbi, akazunguka na kukitandika tena mbele.

"Kimbia basi," Papa Désiré alipaza sauti kutoka barazani. "Si njo neno yako? Kimbia, tuone mutakimbilia wapi."

Dorine akaharakisha hatua, maana sauti ile ilikuwa imemzoesha kuharakisha. Mama yake, ambaye alikuwa ameinama akinyoosha kona za kitenge, akamshika kifundo cha mguu.

"Tembea, mama," alimwambia. "Polepole."

Na wakaenda hivyo, mmoja akipita, mwingine akiokota na kutandika, mpaka wakatoka getini na kufika barabarani.