Mzee Ndimu Aamrisha Furaha

Watoto wa mtaani walimwita Mzee Ndimu, ingawa hakuuza ndimu. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa siku ya ubatizo anyonye kitu kikali kwa utukufu wa Mungu, na hajaruhusiwa kukitema. Alikuwa mzee wa kanisa, na kazi hiyo aliifanya kama askari wa zamu. Aliyecheka ibadani aliitwa mbele. Aliyetikisa bega wakati wa wimbo alionywa. Hata mkewe, fundi cherehani aliyejulikana kama Mama Vifungo, alizoea kuziba mdomo mteja akimchekesha, maana cherehani ilikuwa sebuleni na masikio ya mumewe yalikuwa kila mahali.

Binti yao wa pekee alicheza muziki siku ya harusi yake mwenyewe. Baba aliinuka mezani, akavaa koti, akaondoka. Tangu hapo hawakukanyagiana mlango.

Sasa figo zilikuwa zimemgomea. Hospitali walimrudisha nyumbani, wakasema apewe anachotaka. Mchungaji, kijana mwenye mdomo wa asali, akaja kumweleza kwamba furaha si dhambi, kwamba Mkristo asiyefurahi anamsingizia Mungu uchoyo. Mzee Ndimu akabubujikwa na machozi.

"Nimepoteza maisha, Mchungaji. Sikufurahi hata siku moja. Laiti ningejua!"

Mama Vifungo alikuwa akikunja shuka. Akasonya moyoni. Laiti ningejua! Utadhani furaha ilifichwa ng'ambo ya bahari, na kumbe kila ilipobisha hodi ni yeye aliyeifukuza kwa fimbo.

Asubuhi iliyofuata mgonjwa akaanza kuamrisha furaha.

"Mama, mbona umenuna? Cheka kidogo."

"Nicheke nini, Mzee, na beseni la matapishi mkononi?"

"Tumeagizwa kufurahi wakati wote."

Akawaita wazee wenzake waje kumwimbia nyimbo za shangwe. Wakaja na suti nyeusi, wakakizunguka kitanda, wakaimba kama watu wanaosukuma gari lililozimika. "Tabasamuni!" akawakemea. Wakatoa meno. Mchungaji akasema huo ni ushuhuda mkubwa, akawapiga picha kwa simu. Mama Vifungo alisimama mlangoni akiwatazama. Punda yule yule, tandiko tu ndilo jipya. Jana aliwaamuru wanune, leo anawaamuru wacheke, nao kwa yote mawili wanasema ndiyo.

Kisha akatuma binti aitwe. Binti akaja, akaketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyepita tu.

"Mwanangu," baba alisema, "siku ile nilikunyima furaha. Leo nataka niione. Hebu cheza."

"Hapa?"

"Hapa hapa. Nife nimekuona."

"Baba, mimi si redio, kwamba ukibonyeza naimba."

Mzee Ndimu akaangua kilio. Akamlalamikia Mungu, akamlalamikia binti, akazilalamikia na figo. Mama Vifungo akalitua beseni chini kwa kishindo.

"Ebo! Unalilia furaha kama mtoto anayelilia pipi! Huyu hukumnyima ngoma. Ngoma aliicheza, tena akaicheza vizuri. Ulimnyima baba. Mwombe radhi, kisha unyamaze."

Hakuna aliyewahi kumsemesha hivyo. Akamgeukia binti.

"Kama nilikukosea, mwanangu..."

"Hakuna kama," mkewe alisema.

"Nilikukosea. Nisamehe."

"Nimesikia, Baba," binti alijibu. Akaenda jikoni kumsaidia mama yake kuosha vyombo.

Jioni wale wazee walirudi kuimba sebuleni. Mmoja wao, mwenye kitambi na imani kubwa katika koo lake, akarukia sauti ya juu asiyoiweza, ikamkatikia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu. Jikoni mama na binti wakatazamana. Wakajizuia, wakashindwa. Wakacheka mpaka wakashika sinki wasianguke.

"Mnacheka nini huko?" sauti dhaifu ikatoka chumbani.

Mkono wa Mama Vifungo ukainuka wenyewe kuelekea mdomoni. Akaushusha.

"Tunacheka tu, Mzee. Lala."

"Basi... fungueni mlango nisikie."

Mama Vifungo alifikiri kumwambia kwamba amechelewa, abaki huko huko alikochelewa. Mwishowe akausukuma mlango kwa mguu. Hakuusukuma kwa mapenzi makubwa, lakini ulifunguka, na mgonjwa akalala akisikiliza kicheko ambacho hakukiagiza. Safari hii hakutoa amri yoyote.

Akafa kabla ya Jumapili. Makaburini mchungaji alieleza jinsi marehemu alivyoimaliza safari akiwa mwalimu wa furaha, na wale wenye suti nyeusi wakaitikia amina. Mwalimu! Mama Vifungo alimtazama mchungaji kama anavyotazama mshono wa fundi mlevi. Herufi ya kwanza tu marehemu alikuwa hajaimaliza.

Mchungaji akamwomba mjane atoe neno, awatie moyo waumini.

Akasimama, akawatazama wote.

"Alichelewa," alisema. "Nyinyi je?"

Akaketi, akamshika binti yake mkono.