Mwambie Mama Ashike Kasia

Asubuhi, kabla upepo haujashuka kutoka Mlima Masaba, mwanga hulala juu ya ziwa lile bila kukunjika popote. Ukiinama pembeni unajiona wewe, unaiona kofia yako, unaliona hata wingu lililo nyuma ya kofia. Maji yale huonyesha kila uso unaoletwa mbele yake. Hayaulizi kama uso huo unaruhusiwa kuonwa.

Lilikuwa ziwa la kuchimbwa, katikati ya mahindi ya mzungu mmoja, kati ya Kitale na Endebess. Mwenye shamba aliziba mto kwa ukuta wa udongo, maji yakajaa, akaleta samaki kutoka mbali, samaki wa mdomo mpana na hasira za karibu. Wazungu walimwita besi, na vibarua wa shamba wakamwita hivyo hivyo. Besi hakuwa wa kuliwa tu, alikuwa wa kusumbuliwa. Wageni walikuja kutoka mjini, kila mgeni na siku yake, wapelekwe kwa boti kumtafuta, wamvute, wamsifu, na pengine wamrudishe majini akapone. Watu wa Kwanza, kijiji cha jirani, walipohadithiwa walidhani wanataniwa.

Aliyewapeleka wageni alikuwa Mukhisa, kijana wa upande huo wa Kwanza, mrefu, mpole, mwenye kofia ya majani iliyomzidi kichwa. Miaka ile ya hamsini mwanzoni, kazi ya boti ilikuwa kazi ya kuonewa wivu. Alijua besi analala wapi jua likipanda: chini ya magogo, kandokando ya matete, penye kivuli cha mwisho. Kazi yenyewe ilikuwa na amri moja, ukimya. Kasia liingie majini kama mtu anayeingia kanisani amechelewa.

Na Mukhisa alikuwa anaoa. Yote yalikuwa yamesemwa, ng'ombe walikuwa wamechaguliwa, na Jumamosi wangepelekwa Mabanga, nyumbani kwa Wilkista. Alimpenda Wilkista mpaka makasia yalikuwa mepesi. Palikuwa na mtu mmoja tu wa kuogopwa, Wabwile, ndugu ya marehemu baba yake Wilkista, ambaye alikuwa na mkwe mwingine moyoni. Wabwile hakupinga posa. Alikaa tu, akingoja kosa.

Na kosa kubwa kuliko yote kila mtu alilijua. Kwa Wabukusu, mume na mama wa mke hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali sahani moja, na wakikutana njiani mmoja huingia vichakani mpaka mwenzake apite. Kanisa lilikuja, likafundisha mengi, watu wakayashika, lakini hili walilibeba wakaingia nalo kanisani. Si uadui. Ni heshima iliyozidi kipimo mpaka ikafanana na uadui, na mgeni akiitazama hukosea.

Siku ile ilikuwa Jumatano. Mgeni alikuwa memsahib mjane wa Kitale, mikono ikimtetemeka kwa uzee, na kwa sababu ya mikono hiyo alimleta mpishi wake, amshikie mwavuli na kumfungia ndoana. Mpishi alikuwa ameambiwa wanakwenda ziwani, basi. Mashamba yenye maziwa ya kuchimbwa yalikuwa mengi, naye hakuwa na sababu ya kuuliza ni lipi.

"Mukhisa! Mgeni amefika!" mtu akaita kutoka juu.

"Dinah! Mwavuli!" memsahib akaita kutoka chini.

Mukhisa akasimama na kasia mkononi. Wilkista alikuwa amemwambia kwamba mama yake anaitwa Dinah, na kwamba anampikia memsahib mmoja mwenye mikono ya kutetemeka. Akazungusha uso haraka, akautazama mlima. Nyuma yake alisikia viatu vya mwanamke vikisimama ghafla kwenye kokoto, kisha vikageuka navyo.

"Memsahib, mimi nitangoja hapa juu," Dinah akasema. "Maji naogopa."

"Hapana ngoja. Wewe kuja. Nani nashika mwavuli?"

Mukhisa naye akajaribu. Alimwambia mwenye shamba kwamba leo mgongo unamuuma. Mwenye shamba akamjibu kwamba mgongo wa kesho utauma pia, na kwamba wengine wote wako kwenye mahindi. Basi wakaingia, mmoja mmoja, wakiangalia mbao. Kumweleza memsahib mambo ya wakwe ni kazi ya siku nzima, na boti ilikuwa inangoja.

Sasa tazama ubaya wa boti. Mpiga makasia hukaa akiangalia nyuma, na nyuma ndiko mgeni hukaa, na kando ya mgeni ndiko hukaa mshika mwavuli. Yeyote aliyeitengeneza boti hakuwa na mama mkwe. Mukhisa akageuka akakaa kinyume, mgongo kwa wanawake, uso mbele, akawa anasukuma makasia badala ya kuyavuta. Boti ikaenda kwa kuyumba, mara kulia, mara kushoto.

"Leo wewe nakunywa?" memsahib akauliza.

"Hapana, memsahib. Leo samaki wako mbele, nataka niwaone." Ulikuwa uongo mdogo. Kisha akasema, macho kwenye mahindi ya ng'ambo, "Memsahib, mwambie mama atoe mguu kwenye kamba."

"Yeye nasikia. Kwa nini wewe hapana sema yeye?"

"Mwambie tu."

"Mwambie nimetoa," Dinah akasema.

Ndivyo walivyoanza kuongea, na memsahib akawa njia yao bila kujua amekuwa njia. Alidhani wanatania. Dinah akatulia kidogo, akalegea, na kwa kuwa mama ni mama, akaona siku kama hii haitarudi.

"Memsahib, muulize kwao maji ya kuchota yako mbali?"

"Mwambie si mbali, chemchemi iko chini ya nyumba."

"Muulize kama pombe anakunywa."

"Mwambie busaa kidogo, siku ya harusi."

"Ya watu ama yake?"

Mgongo wa Mukhisa ukacheka kabla mdomo haujacheka. Alifurahi, na aliogopa, na yote mawili yalikaa pamoja kifuani mwake bila kusukumana.

Lakini maji, ah, maji! Wewe ziwa, nani alikutuma? Walipofika penye magogo, Mukhisa akainama kutafuta kivuli cha besi, kama alivyofanya kila siku. Mwanga ulikuwa umelala, haujakunjika popote. Akaona kofia yake. Kando ya kofia akaona ukingo wa kitambaa cha kichwa cha mwanamke, na chini ya kitambaa uso ukaanza kujikusanya.

Akapiga maji kwa kasia. Pwaa!

Kitambaa kikavunjika vipande. Chini kule kivuli kirefu kikachomoka, kikaenda zake.

"Wewe nafanya nini? Samaki nakimbia!"

"Pole, memsahib."

Wakaenda penye matete. Maji yakatulia, akainama, uso ukaanza kuja, pwaa. Wakaenda kwenye kivuli cha ukuta. Pwaa. Huyo ndiye mtu aliyekuwa akiingiza kasia majini kwa unyenyekevu, na leo anafukuza samaki kama mama anayefukuza kuku kwenye mtama. Memsahib alikuwa amelipia ukimya, naye alikuwa anapewa mawimbi. Akaanza kulaani kwa lugha ya kwao, taratibu, kwa adabu.

Dinah pia alidhani kijana ana kichaa, akamwonea huruma binti yake. Kisha naye akainama, akaona juu ya maji kofia ya majani ikisogea, akaelewa. Baadaye alimwambia Wilkista kwamba hapo ndipo alipomkubali kijana yule moyoni, kabla hajajua hata sura yake. Akaushusha mwavuli, akauweka kati yake na mgongo ule kama mlango. Memsahib akabaki kwenye jua, akilalamika.

Mchana upepo ukashuka kutoka mlimani. Ziwa likakunjamana, nyuso zote zikafutika, na Mukhisa akapumua. Sasa angeweza kufanya kazi.

"Tupa pale, memsahib. Penye gogo jeusi."

Memsahib akatupa, na gogo jeusi likajibu. Fimbo ya kuvulia ikapinda. Besi akaruka nje ya maji, akatikisa kichwa, akarudi chini na uzi wote. Memsahib akasahau uzee wake, akasimama. Dinah akasimama kumshika kiuno asianguke. Boti ndogo haipendi watu wawili kusimama. Ikalala upande mmoja, ikajirudi, na iliporudi ilikuwa na mtu mmoja pungufu.

Mukhisa akageuka. Mtu akianguka majini hugeuki kwa kupanga, unageuka tu. Alichokiona ni mwavuli, umepinduka, unaelea. Nyuma ya mwavuli maji yalikuwa yanachemka, na katikati ya kuchemka huko ikatoka sauti.

"Memsahib! Mwambie asinishike!"

Sauti ikazama. Ikatoka tena, imejaa maji.

"Mwambie!"

Memsahib alikuwa akipiga kelele. "Shika mkono! Wewe, shika mkono yake!" Mkono wenyewe ulikuwa karibu, kando ya boti, unatafuta kitu hewani. Mukhisa aliuona mkono. Ulikuwa na vidole virefu vya Wilkista. Akajua kwamba akiushika hakuna Jumamosi, Wabwile atapata alichokuwa akingojea, na asipoushika hakuna mama. Machozi yalimtoka, nasema kweli, yalimtoka kijana mzima mbele ya mgeni.

Akachomoa kasia kwenye pete yake. Akawapa mgongo, akalipitisha chini ya kwapa kuelekea nyuma, akalishusha majini.

"Memsahib, mwambie mama ashike kasia!"

Memsahib hakumwambia mtu kitu. Alikuwa anamwomba Mungu wake. Dinah naye hakungoja kuambiwa. Uzito ukaja kwenye kasia, ghafla, uzito wa mtu mzima na nguo zake na viatu vyake, ukamvuta Mukhisa mpaka kifua kikalala juu ya mbao. Akalibana kasia hilo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaisukuma boti kwa kasia jingine kuelekea matete, akinung'unika, akihesabu pumzi za nyuma yake. Alizisikia zote. Hakugeuka.

Penye matete miguu ya Dinah ilikuta tope. Kasia likawa jepesi.

"Memsahib," ikasema sauti ndani ya majani, ikikohoa, "mwambie asante."

Besi alikuwa ameondoka na fimbo.

Memsahib alimweleza mwenye shamba alichokiona, na hakudanganya hata neno. Mwanamke alikuwa anazama, mkono wake uko karibu, na kijana akampa mgongo. Dinah, amelowa, akajaribu kueleza mambo ya wakwe, memsahib akampigapiga bega na kumwambia apumzike. Jioni hiyo Mukhisa akanyang'anywa boti. Kitale nzima wakasema huyo kijana hana utu. Na habari ile ile, ilipofika Mabanga, ilikuwa imevaa nguo nyingine: kwamba Mukhisa na mama mkwe wamekaa boti moja kutwa nzima, uso kwa uso.

Jumamosi ng'ombe walisimama nje ya boma, wakitafuna majani ya ua. Wazee walikaa. Dinah alikuwa ndani ya nyumba, mlango umefungwa nusu, kama inavyotakiwa. Wabwile akainuka, akarekebisha koti lake bila haraka.

"Tumesikia mulikuwa boti moja. Ni kweli?"

"Ni kweli, baba."

"Basi ulimwona."

Wilkista, jikoni, aliacha kuchochea. Kisha ikatoka sauti ndani ya nyumba, nyuma ya mlango.

"Muulizeni mimi nafanana na nani."

Wazee wakamgeukia Mukhisa. Alitafuta uso kichwani mwake, akakuta ukingo wa kitambaa, mwavuli, maji yaliyovunjika vipande. Angeweza kubahatisha. Hakubahatisha.

"Sijui anafanana na nani," akasema. "Mimi namjua uzito tu. Ni mzito."

Mzee mmoja akakohoa. Wa pili akaficha uso kwenye kofia. Ndani ya nyumba sufuria ilianguka, na kicheko cha mwanamke kikafuata, kicheko kikubwa kisicho na mahali pa kujificha. Wabwile alikaza midomo kadiri alivyoweza, ikamshinda. Akakaa chini. Lango likafunguliwa na ng'ombe wakaingia.

Baada ya harusi Mukhisa alirudi ziwani kuchukua blanketi lake na sufuria. Boti ilikuwa imepewa mtu mwingine, imefungwa kwenye mti wake. Haikumuuma sana, au ilimuuma akaiacha iume. Ilikuwa asubuhi, upepo haujashuka, na mwanga ulikuwa umelala juu ya maji bila kukunjika popote. Akainama, akajiona, na kofia, na wingu.

Kando ya kofia pakatokea ukingo wa kitambaa. Chini ya kitambaa uso ukaanza kujikusanya, paji, macho, kidevu. Mkono wa Mukhisa ukainuka wenyewe, kwa mazoea, upige maji.

Wilkista, aliyekuwa ameinama kando yake, akautazama mkono ule ulioinuka, akacheka kwa kicheko alichokirithi.

Mkono ukashuka polepole, ukakaa juu ya goti. Maji yakabaki yametulia, na nyuso mbili zikatazamana humo ndani kwa muda mrefu. Hapakuwa na haja ya mtu wa kuambiwa, "Mwambie."