Mwali Aliyetolewa Alhamisi

Mimi Batuli binti Mwinshehe nimekuwa kungwi hapa Zinga miaka thelathini na moja, na nilikuwa najiona sikosei. Nasema hivi mapema ili mtu asije akadhani nataka kujitoa kwenye lawama. Hasira niliyonayo inawahusu wengi, lakini wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Zuwena ni mtoto wa Ashura, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ana miaka kumi na tatu. Alipomaliza mtihani wa darasa la saba mwezi wa tisa, mama yake alinijia na doti ya kanga, akasema mtoto amekwisha vunja ungo, shule imefungwa, sasa nimchukue nimfunde. Nikakubali. Siku hizi hatuwaweki ndani kama tulivyowekwa sisi, miezi na miezi hujui jua limechomoza wapi. Siku hizi ni wiki mbili, likizo, mwali anafundwa, anasingwa, anatolewa kwa ngoma, anarudi kwenye madaftari yake. Lakini Ashura kila nikimwambia siku imefika, anasema bado. Mara tumngoje baba mtu, Masoud, ambaye ni mlinzi hifadhini huko Saadani. Masoud akapata ruhusa, akaja, akakaa, akarudi kazini, na Ashura akasema bado. Ikafika miezi mitatu mtoto yumo ndani. Hatimaye kaka yake Ashura, Kitwana, ndiye aliyepanga ngoma iwe Jumamosi ya katikati ya Desemba, akaalika watu mpaka wa Kiwangwa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwali, kwa wasiojua, anatakiwa awe mkimya. Anainamisha uso, hajibizani na wageni, halii njaa, hachekicheki. Tunawafundisha hayo kwa kuwafinya, na bado wanachekea ndani ya kanga, maana ni watoto. Zuwena hakuhitaji kufinywa. Siku ya kwanza alikaa mkekani, akaelekea ukutani, akatulia. Ukimpa chakula, matonge mawili, sahani anaisukuma. Ukimsemesha anaitikia kwa pumzi. Wanawake walikuwa wakiingia kumtazama wanatoka wanasema mashallah, huyu kafundwa akafundika. Nami nikavimba kichwa. Nikawa namtaja kwenye shughuli za watu, nawaambia mabinti wengine wakamwangalie Zuwena adabu yake. Mtoto anaumwa, mimi namsifia, tena mbele ya mama yake.

Na si kwamba sababu haikuwepo. Mwezi wa nne, mvua za masika, mdogo wake Zuwena alikufa. Mikdad, miaka minne, kitoto cha maneno mengi, kilikuwa kikipita barazani kwangu kinaniambia shikamoo mara tatu ili nikipe kashata. Kuna shimo nyuma ya nyumba zetu walikochimba kifusi cha barabara wakaliacha hivyo hivyo, halijafukiwa wala kuzungushiwa hata mti mmoja. Mvua ikalijaza. Ashura alikuwa amemwambia Zuwena amwangalie mdogo wake, na Zuwena alikuwa anaosha vyombo. Hayo ndiyo yote. Sufuria moja na sahani tano.

Tukafanya kama tunavyofanya siku zote. Tukasema msiba si wa watoto, wataota vibaya. Kabla maiti haijaoshwa, Zuwena akapakiwa kwenye gari na kupelekwa Kiwangwa kwa shangazi yake, kwenye mananasi, akakaa huko wiki tatu. Aliporudi nguo za Mikdad zilikwisha gawiwa, kitanda kimetolewa, na jina lake halitajwi ndani ya nyumba ile, eti mama mtu asitoneshwe kidonda. Arobaini tukasoma, ubwabwa tukala tukashiba. Hakuna mtu hata mmoja aliyemkalisha yule mtoto chini akamuuliza, wewe mwenzetu u hali gani. Sikumuuliza hata mimi, ninayejiita mlezi wa mabinti.

Kuna nesi hapa kwetu, Sista Blandina, mtu wa bara, kaolewa na mwalimu. Mwezi wa nane alikuja kwenye kikundi chetu cha akina mama akatuomba nusu saa. Akasema watoto nao wanaugua moyo na akili, na kwamba mtoto anaweza kuonyesha kwa kunyamaza, kwa kukosa usingizi, kwa kuacha kula, kwa kuacha kucheza. Akatuomba tukiona hivyo tusimchape wala tusimkimbizie mganga kwanza, tumlete. Mimi ndiye niliyesimama nikamjibu. Nilimwambia watoto wetu hawana wazimu, hayo ni mambo ya watu wa bara, sisi watoto wetu tunawafunda. Kina mama wakanipigia vigelegele. Sista akakunja karatasi zake akashukuru kwa kusikilizwa. Kila nikikumbuka vile vigelegele, natamani ardhi inifunike.

Basi Jumatano, siku tatu kabla ya ngoma, nikaenda kumsinga mwali, kumsugua mwili kwa manukato. Nikachanganya liwa yangu na karafuu, nikamvua kanga mabegani. Macho ya mtu yanaweza kudanganywa na kanga, mikono haidanganyiki. Mwali akikaa ndani hunenepa, ndivyo tunavyowatoa, wamejaa wamenawiri. Mgongo wa mtoto huyu niliuhesabu pingili kwa pingili. Nikampaka taratibu, nikaanza kumwimbia ule wimbo wetu wa utani ambao hata mwali mkaidi hujikaza mpaka machozi ya kicheko yamtoke. Hakutikisika. Nikaacha kuimba. Ndipo aliposema, bila kugeuka.

"Bibi, nikilala Ijumaa nisiamke, ngoma itakuwepo?"

Nilimuuliza kwa nini anasema hivyo. Akasema anauliza tu, kwa sababu watu wamealikwa, asingependa mama asumbuke. Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza kama chumvi imebaki. Nikamuuliza kama anawaza kufa. Akainamisha kichwa, akasema kila siku.

Nikafunga kibakuli changu cha liwa. Sikumwacha peke yake. Nilimwita mwanangu Somoe akae naye, nikamwambia hata akienda msalani amsindikize, kisha nikamfuata Ashura uani.

Nikamweleza neno kwa neno. Ashura akaendelea kupepeta mchele. Akasema ni uchovu wa kukaa ndani, akitoka atachangamka. Nikamwambia Ashura, mtoto anakufa. Akanijibu bila kuinua macho kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyesema hajapata kutokea mwali mwenye adabu kama huyu. Alinichoma na kisu changu mwenyewe, na alikuwa na haki.

Kitwana alikuwa barazani, akaingia. Huyu bwana anapenda kusimamia mambo. Akasema kama mtoto ana kitu, basi ni shetani, na ngoma ya Jumamosi itamtuliza. Nikasema nataka kumpeleka hospitali kesho. Loo, akanijia juu. Mwali aonekane barabarani kabla ya siku yake? Watu wa Kiwangwa wameshajiandaa, wapigaji wameshaambiwa, ukoo mzima uingie mdomoni mwa watu kwa sababu mtoto kasema neno la kitoto? Nikamuuliza, huyu mtoto angevunjika mguu ungemngojesha mpaka Jumamosi? Akasema mguu unaonekana. Hebu fikirini jibu hilo. Mguu unaonekana. Kwa hiyo dawa yetu sisi ni kungoja mpaka kionekane kitu, na kikishaonekana tunaita watu wa kuosha maiti.

Nikaondoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Sista Blandina. Nilijua nitakuta mlango umefungwa, au nitakuta maneno. Hakuninyooshea kidole. Aliniuliza mtoto yuko na nani sasa hivi, nikamwambia yuko na Somoe, akasema vizuri, umeanza vizuri. Akapiga simu hospitalini mjini mbele yangu, akapata daktari wa afya ya akili anayekaa Alhamisi. Akanionya tusimwache peke yake usiku ule, na tusimkaripie kwa alilosema, maana kusema kwenyewe ni kuomba msaada. Nikamwomba radhi kwa yale ya mwezi wa nane. Akasema tuzungumze ya kesho.

Nililala miguuni mwa Zuwena. Asubuhi nikamvalisha gauni la shule, maana ndilo lililokuwa karibu, na kanga juu. Tulipofika mlangoni, Kitwana kasimama kauziba, mkono huku mkono kule, na majirani wawili watatu wamekwisha jikusanya.

"Bi Batuli, na heshima zako zote, mwali hatoki humu kabla ya siku yake."

Nikamwambia asogee. Akasema hasogei, na kwamba mimi nimeajiriwa kazi moja tu. Hapo ndipo aliponikumbusha. Mila hii anayoililia ameikuta, na mimi naijua kuliko yeye. Mwali akishakabidhiwa kungwi si wa baba, si wa mjomba. Ni wa kungwi mpaka kungwi amtoe, na siku ya kumtoa anaitangaza kungwi.

"Kitwana, mwali ni wangu, na leo nimemtoa. Hiyo ngoma yako ya Jumamosi kacheze mwenyewe."

Nikapiga kigelegele, mimi peke yangu, kwenye mlango ule, saa moja asubuhi. Hakuna aliyeitikia. Kitwana alikuwa hajawahi kusikia mwali akitolewa hivyo na akawa hajui afanye nini na mikono yake, akaishusha. Nikapita na mtoto. Sista Blandina alikuwa anangoja na bajaji. Tulipokuwa tunapanda nikasikia mtu anakimbia nyuma yetu. Ashura, peku, kanga ya juu aina moja na ya chini aina nyingine. Akapanda akakaa upande wa pili wa mwanawe. Bajaji ikatupeleka mpaka Bagamoyo.

Daktari alikuwa kijana mpole, jina lake Medard. Alimuuliza Zuwena kama angependa tutoke, Zuwena akatikisa kichwa kwamba tubaki. Akamuuliza habari za usingizi, za chakula, na yale mawazo ya kufa, waziwazi, kama mtu anayeuliza kuhusu kikohozi, na mtoto akajibu. Kisha akamuuliza amekuwa wapi miezi hii mitatu. Zuwena akasema amefungiwa. Nikataka kudakia kwamba hapana, alikuwa anafundwa. Sista akanigusa goti. Daktari akamuuliza amefungiwa kwa nini.

"Kwa ajili ya Mikdad. Wenzangu wote waliwekwa wiki mbili. Mimi kila nikingoja, mama anasema bado. Nikajua ni kwa sababu nilimuua."

Kaa mahali usikie mtoto wa miaka kumi na tatu akisema hivyo bila chozi, halafu uniambie mila haihitaji kuangaliwa upya. Miezi mitatu alikuwa anatumikia kifungo. Ule ukimya niliousifia kote Zinga ulikuwa ukimya wa mtu anayedhani amehukumiwa, na askari magereza nilikuwa mimi, na liwa yangu na nyimbo zangu.

Ashura aliteremka kwenye kiti akapiga magoti sakafuni. Akamshika mwanawe miguu. Nilidhani atapiga ukunga, lakini alisema kwa sauti ndogo sana.

"Sikukuadhibu, mwanangu. Nilimwacha mmoja atoke nje, akafa. Nikaogopa kukutoa na wewe."

Hapo ndipo nikaelewa zile bado, bado zake. Nilikuwa nimemwona mkaidi. Kumbe wawili walikuwa wanaugua nyumba moja, ukuta mmoja katikati yao, na sisi wote, ndugu na majirani na kungwi wao, tumesimama nje tunalinda ule ukuta usiguswe.

Zuwena alimtazama mama yake muda mrefu. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuyaona macho yake tangu mwezi wa tisa. Daktari hakumharakisha. Akasema atamwona kila Alhamisi, na mama naye atakuwa na saa yake, na baba aitwe kutoka Saadani. Akasema haitakuwa kazi ya wiki moja. Akamuuliza Zuwena kama ana swali lolote, kwake au kwa mama.

Mtoto akafikiri. Akamgeukia mama yake.

"Walimzika wapi?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Miezi minane. Makaburi yetu yako nyuma ya madrasa aliyokuwa akisoma kila jioni, na alikuwa akipita hapo na juzuu yake mkononi, asijue.