Kuku wa Shingo Mbili

Mzee Tobias alipotuma habari kwamba anakuja Ruiru kumwona binti yake, Wamalwa alipoteza hamu ya chakula. Habari zenyewe zililetwa na Absalom, mwenzetu wa kazini aliyetoka likizo kwao Kimilili, na hazikuwa na mzunguko. Mzee anakuja kuona kama kijana aliyemwoa Nakhumicha katika kanisa la Thika bila kumngoja yeye anajua kumkaribisha mkwe. Kama hajui, Nakhumicha atafunga sanduku arudi kwao. Wamalwa alimpenda mkewe waziwazi, mpaka wengine walimcheka. Alikuja mlangoni kwangu uso umemkunjamana, akasema, "Kitheka, mimi nimekwisha."

Nilimwambia achinje kuku, mambo yaishe. Ushauri wa bure kabisa, na mimi mwenyewe nilijua. Sisi sote katika zile laini za nyumba za wafanyakazi tulifanya kazi katika kiwanda cha kuku, na hakuna hata mmoja wetu aliyeruhusiwa kufuga kifaranga.

Kiwanda kilipeleka kuku Uingereza. Walichinjwa hapo Ruiru, wakanyonyolewa, wakagandishwa mpaka ukiwagonganisha wawili wanalia kama mawe. Kisha walifungwa katika masanduku, wakapanda mabehewa ya barafu hadi bandari ya Kilindini, na huko wakaingizwa katika meli yenye vyumba vya baridi. Wanunuzi wa Ulaya waliogopa sana kideri, ugonjwa unaomaliza kuku. Kwa hiyo meneja alipiga marufuku kuku hai karibu na kiwanda, na askari wa geti alipekua vikapu vya wake zetu kila walipotoka sokoni. Nilimwona mtu akifukuzwa kazi yeye pamoja na jogoo wake, na jogoo ndiye aliyeondoka kwa heshima zaidi.

Sasa, Waluhya na kuku ni jambo ambalo Mkamba kama mimi alihitaji kufundishwa. Kuku wa mgeni lazima awe mzima, asipungue kiungo. Firigisi ni ya mzee anayeheshimiwa, na ukimpa mkweo kuku asiye na firigisi umemwambia kwamba hapa nyumbani kuna mwanamume mkubwa kuliko yeye. Wanawake, kwa upande wao, hawali kuku kabisa. Wanafuga, wanachinjisha, wanapika, wanaandaa, halafu wanakula mboga. Nilipomuuliza Wamalwa sababu, alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini maji yanalowesha.

Ikabidi amwendee meneja, kofia mkononi. Meneja hakuwa mtu mbaya siku akiwa ameshiba. Alimpa kuku mmoja kutoka sanduku lililopasuka wakati wa kupakia, kuku wa kwenda London kabisa, katika karatasi yake safi. Wamalwa alirudi naye amemkumbatia kwa mikono miwili, vidole vimekufa ganzi, akitabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Mzee Tobias alifika Jumamosi, koti refu, fimbo, na macho yasiyokosa kitu. Kwa desturi yao mgeni huonyeshwa kuku kabla hajachinjwa. Wamalwa akamletea yule wake kwenye sinia, hana kichwa, hana miguu, anatoa moshi wa baridi. Mzee alimgonga kwa fimbo. Kuku akalia ko.

"Huyu alichinjwa lini?" mzee aliuliza.

Wamalwa alisema ukweli, kwamba ni kama mwezi mmoja na nusu uliopita.

"Wakati huo mimi sikuwa nimesema nakuja. Basi huyu alichinjiwa mtu mwingine. Unanipa kuku wa mtu."

Nilitaka kucheka lakini nilimwona Nakhumicha amesimama kwenye pazia, mikono imeshika kanga kwa nguvu, na hamu ya kucheka ikaniisha. Wamalwa hakubishana. Alimwomba mkwewe waende kiwandani akajionee mwenyewe, na mimi nikafuata kwa sababu siwezi kukosa jambo kama hilo.

Tulimfungulia mlango wa chumba cha kugandishia. Mzee alisimama pale ukungu ukimzunguka magoti, akatazama masanduku yaliyopangwa mpaka darini. Aliuliza wageni wa kuku wote hao ni kina nani. Wamalwa alimweleza kwamba hawajulikani. Meli itawafikisha, watu wa huko watanunua, na mgeni akibisha hodi kuku yuko tayari. Mzee alifikiri sana. Nadhani alikuwa akitafuta kama jambo hilo ni ukarimu au ni wazimu.

Halafu akauliza lile lililomsumbua zaidi. "Na firigisi?"

Hapo Wamalwa alijua amepona. Alieleza kwa fahari kwamba meza ya wanawake, anakofanya kazi Nakhumicha mwenyewe, hufunga firigisi, ini na shingo katika karatasi ndogo, na kila kuku husafiri na karatasi yake tumboni, ili mwenye nyumba wa London asikose haki yake. Mzee alitikisa kichwa polepole kukubali. Alisema hakujua kama Waingereza wana adabu kiasi hicho. Alirudi nyumbani amechangamka, akaagiza kuku wake apikwe.

Chakula kilipoiva, mimi na mke wangu Ndinda tulialikwa. Mimi niliketi na mzee ili asile peke yake, maana Wamalwa kwa heshima ya ukwe alikaa mbali, karibu na mlango. Nakhumicha alipiga magoti akatunawisha. Nikaona anakwepa macho ya baba yake, nikadhani ni adabu.

Mzee alichota mchuzi, akapata paja. Akachota tena, akapata ini. Akachota shingo, akaiweka kando. Akachota tena, akapata shingo nyingine. Alizilaza zile shingo mbili pamoja kwenye sahani, akazoa bakuli mpaka chini, kisha akaweka kijiko.

"Nimeishi sana," alisema. "Sijawahi kuona kuku mwenye shingo mbili asiye na firigisi." Akamgeukia Wamalwa, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ulishindwa kuningoja kanisani, na firigisi pia umeshindwa kuningoja. Nakhumicha, funga sanduku lako."

Wamalwa aliinuka pale mlangoni. Machozi yalimlengalenga, mtu mzima yule, na mimi nilimwonea huruma ya kweli.

"Baba, yeye hajui lolote," Nakhumicha alisema. "Firigisi tunakula sisi."

Alieleza yote akiwa amepiga magoti palepale. Meza ya wanawake haikuondoa firigisi za kuku wote, waliogopa Mungu kidogo, lakini walitoa za kutosha, wakazichoma nyuma ya nyumba ya boila ya kuchemshia maji saa ya mapumziko. Kuku wanaokwenda hoteli za Nairobi hukatwa shingo, kwa hiyo shingo zilikuwa tele, nao wakaziweka badala yake ili meneja akiminya karatasi aone imejaa. Alipofungua ile karatasi jikoni aliona bahati mbaya imemwangukia, kuku wa baba yake ni mmoja wa hao wasio na firigisi. Meli zilikuwa zimekwenda na kurudi mwaka mzima, na hakuna Mwingereza aliyeuliza hata siku moja.

Nilimtazama Ndinda. Kwa miezi mingi alikuwa akirudi kutoka meza hiyohiyo akisema hana njaa, na mimi nikimhurumia kwamba kazi inamchosha. Ndinda alikuwa anatazama dari.

 Niliona Mzee Tobias anamtazama binti yake, kisha anatazama mbali, upande wa Kimilili, akihesabu akilini mabinti wengine waliobaki, wakwe, dada na majirani wote ambao Nakhumicha angeketi nao jikoni akirudi na siri hii. Kisha alimwita asogee, akapunguza sauti, lakini mimi nilikuwa bega kwa bega naye.

"Ni tamu?"

"Tamu sana, baba."

Mzee alivuta pumzi, akachukua shingo moja akaanza kuila.

"Utabaki hapa kwa mume wako," alisema. "Na mama yako asilisikie jambo hili kamwe."