Ushahidi wa Firauni

Alhamisi saa nane mchana duka la Jaswant lilikuwa limejaa. Duka lenyewe liko Kingsbury Road, huku ughaibuni, baina ya muuza mboga na mshona sari, na lina viti sita. Bi Kijakazi alikaa kiti cha karibu na hita, maana ni chake. Kwa desturi ya duka, aliyeleta pete ya kukazwa alisimama. Aliyeleta habari alipishwa akae. Jaswant, sonara aliyezaliwa Darajani na kuondoka Unguja na mizani ya shaba ya baba yake, alikuwa nyuma ya kaunta akichemsha chai ya maziwa. Firauni alikuwa kiti cha pembeni akisubiri yake, sukari vijiko vitatu.

Firauni alianza kuja miaka miwili nyuma. Alitoka kwenye jumba la makumbusho huko mjini, akabadilisha basi mara mbili, na siku zote alikaa ghorofa ya juu ya basi, kiti cha mbele. Alikuwa mwembamba, mkavu, amevaa koti la kijivu la kupewa, na alinukia ubani na mbao za kabati la zamani. Kiswahili alikiokota dukani humo, kwa hiyo kilikuwa na lafudhi ya Jaswant na matusi ya Bi Kijakazi. Siku ya kwanza aliulizwa kama yeye ndiye yule wa Nabii Musa. Akasema hapana, yule ni mwingine. Kisha akaongeza kwamba kila mmoja wao angesema hivyo hivyo.

Ni yeye aliyeonyesha ile mizani inaweza kupima nini. Alitoa unyoya mweupe mfukoni, akauweka sahani ya kulia. Akafungua kifungo kimoja cha koti, akainama, na moyo wake ukashuka sahani ya kushoto, taratibu, kama yai linavyomtoka kuku. Kwao, alieleza, ndivyo mtu alivyohukumiwa akishakufa: moyo ukizidi unyoya, mwenyewe hana lake. Wa kwake ulizama mpaka sahani ikagonga kaunta, ukaanza kusema kwa lugha asiyoijua mtu, na haukunyamaza hadi Jaswant alipoteremsha mlango wa duka.

Zamani, alisema Firauni, alikuwa na dawa yake. Alizikwa na mdudu wa jiwe la kijani juu ya kifua, kazi yake kuuamrisha moyo usimshitaki mwenye nao. Kila mfalme alizikwa na wake. Yeye walimwibia alipofunuliwa sanda katika mji huu huu, mdudu akauzwa mkono kwa mkono, na ndiye aliyekuwa akimtafuta.

"Ulifanya nini wewe, hata ukahitaji mdudu?" Bi Kijakazi alimwuliza.

"Nilijenga," Firauni akasema.

Tangu hapo watu wakazoea kupimwa. Haiumi. Kifua huingia ubaridi kidogo, kama daktari anapokuwekea chuma chake, na moyo ukiwa sahanini husema kwa sauti ya mwenyewe, kisha Jaswant huurudisha kwa kitambaa cha kusugulia dhahabu. Wachumba walipimwa kabla ya posa. Mwaka ule harusi zilipungua Kingsbury, wala hakuna aliyeilaumu mizani.

Alhamisi hii walikuja kupimwa Afra na Mwadini.

Shangazi yake Mwadini, Bi Ghalia, ambaye kwa Afra alikuwa mama mkubwa, alikufa mwezi uliopita bila mtoto. Aliacha fleti ya kupanga ya kaunsili, halmashauri ya mtaa, vyumba viwili, ghorofa ya tatu, jengo halina lifti. Sheria ya kaunsili ilimpa fleti jamaa aliyekuwa akiishi na marehemu mpaka mwisho. Afra alikaa naye miaka sita, akimwogesha, akimlisha, akimgeuza asifanye vidonda. Lakini jina lake halikuwamo kwenye karatasi hata moja, maana Bi Ghalia alihofia kaunsili wakijua mna mtu wa pili watamkata posho. Mwadini alikuwa akiishi Tooting, upande wa pili wa mji, na mkewe, kazi yake kuhamisha vyombo vya watu waliokufa. Leseni yake, barua zake za benki na bima ya gari lake zote zilikuwa kwa anwani ya Bi Ghalia, kwa sababu bima ilikuwa nafuu huko. Kwa mujibu wa karatasi, Mwadini ameishi Kingsbury miaka tisa na Afra hajaishi popote.

Wote wawili wakaidai fleti. Kaunsili wakaomba barua ya Jumuiya ya watu wa Unguja walioko huku, iseme ni nani hasa alikuwa akiishi mle. Mwisho ni Ijumaa. Asiyepata barua atatoka.

Watu walikuwa wameshasema yao. Wapo waliosema Afra alikuwa akimnywesha bibi wa watu dawa ya usingizi apate kutazama tamthilia. Wapo waliosema Mwadini alikuja mazikoni na futi ya kupimia mapazia. Wote waliosema hawakuwa wamepanda ngazi zile. Maalim Abdulsamad, mwenyekiti wa Jumuiya, naye hakuwahi kuzipanda, kwa sababu ya magoti.

"Mie nilikwenda," alisema Bi Kijakazi. "Kila nikenda namkuta Afra."

"Ulikwenda mchana," Maalim akasema. "Usiku akilala nani?"

"Usiku nikafanye nini kwenye nyumba za watu, Maalim?"

"Basi hujui."

Afra alitangulia. Akafungua kifungo cha juu, akainama, moyo ukatua. Ulisema kwa sauti yake, ile ya chini, ya mtu anayezungumza karibu na mgonjwa.

"Aliniita mara tatu alfajiri ya Jumapili. Nilisikia. Nikajifunika shuka. Supu ilikuwa imepoa, nikamlisha hivyo hivyo. Nikasema, Mola mchukue, na mie nipumzike. Akamchukua Jumatano."

Sahani ikashuka. Wanawake waliangalia vikombe vyao.

"Umesikia, Maalim," Bi Kijakazi akasema. "Alfajiri ya Jumapili alikuwa wapi huyu, kama si mle ndani?"

"Nimesikia kosa," Maalim akasema. "Anwani sijaisikia. Na uzito nimeuona, na wewe umeuona."

Mwadini alikuwa amekuja na halua, ameigawa mwenyewe, kipande kikubwa kwa Maalim. Alifungua vifungo viwili. Shingoni alivaa uzi wa ngozi, na kitu kimening'inia kifuani kimefunikwa kitambaa cheusi. Moyo wake ulitua sahanini bila sauti. Watu walisubiri. Hita ilisikika. Moyo haukusema neno, na sahani ikapanda juu, unyoya ukabaki chini.

"Mashallah," mtu mmoja alisema, lakini polepole, kama anayeonja chumvi.

Firauni akaweka kikombe chake sakafuni. "Huyo amevaa mdudu wangu," akasema.

"Hii hirizi kanipa mama," Mwadini akasema.

"Mama yako kafa miaka ishirini," Bi Kijakazi akamwambia. "Uzi mpya huo."

"Uzi hubadilishwa, Bi Kijakazi. Wewe kilemba chako ni kile cha miaka ishirini?"

"Ifungue basi tuone ndani."

"Hirizi ya mtu haifunguliwi," Maalim akasema, na hilo ni kweli, hakuna aliyeweza kulipinga.

"Mdudu ana jina langu tumboni," Firauni akasema.

"Na nani atalisoma?" Maalim akauliza.

"Mimi."

"Ndiyo hayo," Maalim akasema. Alimgeukia Firauni kwa adabu, maana alikuwa mtu mwenye adabu. "Tusikilizane, mzee. Chai tunakunywa pamoja, sina neno nawe. Lakini ushahidi wa Firauni haupokelewi. Habari zako ziko kwenye Kitabu, na si nzuri."

"Yule alikuwa mwingine."

"Ulishatuambia nyote mtasema hivyo."

Firauni alikiri kwamba aliyasema.

"Maalim," Bi Kijakazi akasema, "kuna mtu anayeujua uongo wa moyo kuliko huyu?"

"Ndiyo maana hapokelewi."

Afra alikuwa bado amejishika kifua, pale palipoingia ubaridi. Alimtazama Mwadini akifunga vifungo vyake viwili, kimoja kimoja, mpaka shingoni. Maalim akaandika barua palepale juu ya kaunta, Jaswant akamwazima kalamu. Jumuiya inathibitisha kwamba Bwana Mwadini ndiye aliyeishi na marehemu. Watu wakashuhudia sahihi. Mwadini aliomba samahani, gari lake liko kwenye mstari wa njano, pasiporuhusiwa kuegesha, akatoka. Firauni alimfuata hadi mlangoni, akasimama kwenye kioo mpaka gari lilipokata kona, kisha akarudi kwenye chai yake.

Alhamisi iliyofuata watu walikuwa haohao, isipokuwa Mwadini. Alikuwa ameshapata funguo, akapangisha wanafunzi wanne mle ndani, mwenyewe yuko Tooting kama siku zote. Bi Kijakazi alilisema hilo kwa sauti, mbele ya Maalim. Maalim akajibu kwamba hayo ni baina ya mtu na Mola wake.

Afra alikuja kuuza bangili ya Bi Ghalia apate kulipia chumba. Jaswant aliipima kwenye mizani ileile. Ilikuwa dhahabu tupu, haikusema chochote.

Maalim alikuwa amevuta kiti karibu na Firauni na kumwinamia sikioni. Duka ni dogo, wote walisikia.

"Hao wadudu," alisema, "walikuwa wangapi?"

"Kila mfalme na wake."

"Na wafalme mlikuwa wangapi?"

"Wengi."

Maalim akatoa kijitabu mfukoni. Afra alipokea noti zake, akaaga watu mmoja mmoja kama inavyopasa, hadi akafika kwenye kiti cha Maalim. Akainama, akaubusu mkono wake.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Umepata pa kukaa?"

"Chumba. Harlesden."

"Alhamdulillahi. Mungu hamtupi mja wake," Maalim akasema, akamwombea dua fupi. Kisha akamgeukia Firauni. "Na huyo mdudu, lazima awe wa kijani?"