Wanasubiri Nianguke

Mimi ni mwoga. Nasema mapema, usije ukadhani unasimuliwa na shujaa. Nimepiga klarineti miaka arobaini na miwili katika vijiji vya Epiro, huku Ugiriki, kwenye harusi, ubatizo na sikukuu za watakatifu, na mpaka leo naogopa kila ninapoitia mdomoni. Lakini hofu ya mwaka huu ilikuwa nyingine kabisa.

Chanzo chake ni kiti. Baada ya Pasaka nilikuwa harusini, mguu wa kiti changu cha plastiki ukavunjika. Nikaenda chini chali, miguu juu, na klarineti ikatoa sauti ya paka aliyekanyagwa mkia. Kijana mmoja alikuwa akinirekodi. Akatia mdundo chini yake, ile sauti ya paka akairudia mara nane, akairusha mtandaoni. Kufikia Juni, watu milioni nne walikuwa wameniona nikianguka. Maombolezo ninayoyapiga kwa klarineti, ambayo mpwa wangu aliyaweka huko huko miaka mitatu nyuma, yalikuwa yametazamwa mara mia tatu na kumi na moja, na nyingi kati ya hizo ni mimi mwenyewe.

Sasa, kwetu sikukuu ya Bikira Maria, tarehe kumi na tano Agosti, haianzi kwa dansi. Watu wakitoka kanisani wanakaa mezani, hakuna anayegusa chakula, na klarineti inapiga ombolezo la waliokufa mwaka huo. Likiisha, watu wa nyumba yenye msiba wanainuliwa, wanaongoza dansi ya kwanza, na hapo wamerudi kwa watu. Lakini mwenye msiba akiukanyaga uwanja wa dansi kabla ombolezo halijaisha, anarudi kwake, anafunga mlango na kukaa na nguo nyeusi mwaka mwingine mzima. Ndivyo ilivyo, na sijawahi kusikia mtu akiuliza kwa nini.

Mwaka huu msiba ulikuwa wa Mama Polixeni. Mwanawe Akilea alikufa Ujerumani mwezi Februari, moyo ulisimama akiwa kazini, na mkewe akamzika huko huko. Mama hakuona jeneza wala kaburi. Wiki moja kabla ya sikukuu alikuja kwangu na sahani ya pai ya mboga.

"Vayos, mwanangu, utampigia Akilea?"

"Nitampigia, mama."

"Usifupishe. Siku hizi mnafupisha."

"Sifupishi."

"Maana mimi sijamlilia bado. Nakaa nangoja, hakitoki kitu. Nasema labda siku hiyo, nikikusikia, kilio kitafunguka."

Nilimwahidi. Kesho yake akaja Nondas, mwenyekiti wa kamati ya sikukuu, akanipungia mkono tangu barabarani.

"Mzee wa kiti! Mabasi mawili yanakuja kutoka Athene kwa ajili yako, habari unayo?"

"Kusikiliza klarineti?"

"Kusikiliza! Wewe nawe. Wanakuja kukuona ukidondoka."

"Nondas, siku ile niliumia nyonga."

"Basi dondoka taratibu. Dakika mbili za kilio, puu, chini, halafu kijana wetu wa muziki anaachia mdundo. Kila mtu anafurahi."

"Na Mama Polixeni?"

"Miezi sita yote amenuna. Acha na yeye acheke kidogo."

Nilimfukuza. Nilimfukuza kwa sauti kubwa, kwa matusi, maana nilikuwa nimeanza kuogopa. Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Nilikuwa nikiona uso mmoja tu, wa yule mama, na nyuma yake simu zinazonirekodi.

Asubuhi ya sikukuu nilimweleza hayo Zikos, anayenipigia lauto, ala ya nyuzi kama gitaa, tangu tukiwa vijana. Alikuwa anakaza nyuzi, hakuinua hata kichwa.

"Unajua kwa nini kile kiti kinakushinda?" akasema. "Kiti hakimwombi mtu kitu. Wewe unamwomba akae kimya, amkumbuke baba yake aliyemzika bila kuagana naye. Nani anataka hayo, na simu anayo mkononi?"

"Kwa hiyo nianguke?"

"Mimi sijasema. Mimi nasema kiti changu ni cha chuma."

Saa sita mchana kengele ikalia na watu wakatoka kanisani. Meza ziliuzunguka uwanja wa dansi, viti vyetu wapigaji viko katikati yake, nyama bado iko kwenye vijiti vyake juu ya makaa. Sijawahi kuona umati kama ule kijijini kwetu. Nilipokaa tu, simu zikainuka, mbele, nyuma, hata juu ya ukuta wa kanisa. Mama Polixeni alikuwa meza ya kwanza, mikono mapajani, na hakuwa na simu. Hajawahi kuwa nayo, isipokuwa ile ya ukutani.

Nikaanza. Ombolezo letu linaanza na sauti moja ndefu, kisha linashuka polepole, hatua kwa hatua. Nilipofika hatua ya tatu nikaona kidevu cha mama kinatetemeka. Kilio kinafunguka, nikasema moyoni. Kinafunguka, Bwana wee, nipe pumzi.

Nyuma mtu akanong'ona, "Sasa hivi, sasa hivi." Mwingine akacheka. Kisha sauti ya kike ikapiga kelele, "Anguka basi, babu, jua kali!" na meza nzima ikaangua kicheko. Nikajikaza. Kuchekwa nimezoea.

Kilichoniua ni kilichofuata. Simu zikaanza kushuka. Moja, mbili, kumi. Hawakukasirika hata kidogo, walichoka tu. Mtu akachukua mkate. Meza ya nyuma wakaanza kuongea habari za foleni ya barabarani. Siku zote nilidhani naogopa watu wakinitazama. Kumbe naogopa zaidi wakiacha. Nikahisi nafutika pale pale nilipokaa, mbele ya watu wote, na hakuna atakayeona.

Nikaegemea nyuma. Hakuna aliyenisukuma. Kiti kilikuwa kizima.

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Mdundo ukaachiwa, spika zikatikisa glasi mezani, watu wakaruka kutoka vitini. Nilikuwa chali natazama mbingu, na kwa muda mfupi, nakiri, nilifurahi. Kisha uso wa Mama Polixeni ukaziba jua. Alikuwa amekuja mbio, na miaka yake themanini na mmoja, akapiga magoti juu ya mawe na kunishika kifua kwa mikono yote miwili.

"Vayos! Ni moyo? Niambie, ni moyo?"

"Si moyo, mama."

"Tulia, usiinuke. Iteni daktari! Mbona wanacheka hawa?"

"Mama, sijaumia. Ni mchezo."

"Mchezo gani?"

Alinitazama, akatazama watu wanaoruka pande zote, kisha akatazama chini na kuona miguu yake ilipo. Alikuwa katikati ya uwanja. Rangi ikamtoka usoni.

"Ulikuwa hujamaliza," akasema.

"Sikuwa nimemaliza."

"Basi maliza. Haraka, haraka, labda haitahesabiwa."

Nikaketi pale pale chini, nikaitia klarineti mdomoni na kupuliza. Spika zilikuwa mita tatu kutoka kwetu. Mimi mwenyewe sikuisikia. Mama Polixeni akainama mpaka sikio lake likagusa ncha pana ya klarineti, akafumba macho, na simu zikaanza kuinuka tena, zikitukaribia kila upande.

"Puliza kwa nguvu, mwanangu," akasema. "Sisikii kitu."